Kayaki ya plaiwudi na epoksi kwa mshipi wa nje ya miamba: inafaa Tanga?

Kinachopimwa hapa ni kayaki ya kuunda nyumbani. Urefu wake ni mita 4.7 na upana sentimita 72, na mvuvi hukaa juu ya sitaha badala ya kuingia ndani. Mwili wake ni plaiwudi ya milimita 4 iliyoshonwa kwa waya wa shaba, kisha ikagandishwa kwa epoksi na kitambaa cha faiba. Kwa mvuvi mmoja wa mshipi anayetoka Raskazone, Mwambani au Sahare alfajiri na kurudi kabla upepo haujachangamka, ni chombo bora kuliko kayaki fupi za plastiki za mita tatu na kitu, ambazo zilitengenezwa kwa kuchezea ufukweni. Kwa watu wawili, kwa nyavu, au kwa miezi ya kusi, haifai, na hakuna mchoro utakaoibadilisha. Anayetaka kubeba wenziwe na kapu la samaki aende kwa fundi wa ngalawa.

Faida yake kubwa ni uzito. Ikiundwa vizuri hufika kilo 38 hivi, watu wawili huinyanyua bila kulalamika, na mtu mmoja huivuta kwa kigari cha magurudumu ya baiskeli. Pwani yetu maji ya bamvua hutoka mbali na kuacha tope na mawe matupu, kwa hiyo jambo hili lina thamani kuliko kasi. Chombo hulala uani, si ufukweni, na hakihitaji mlinzi.

Maji yenyewe

Ndani ya ghuba, karibu na kisiwa cha Toten, karibu chombo chochote kinachoelea kitakutosha. Mambo hubadilika ukishaipita Ulenge, au ukitoka nje ya Yambe na Karange upande wa Mwambani. Huko mkondo wa pwani huenda kaskazini mwaka mzima na hukaza zaidi wakati wa kusi. Kayaki iliyoachwa ielee itasukumwa kuelekea Mkinga na Moa, kwa hiyo safari huanzia kusini ya mwamba unaoutaka, ili mkondo ukupitishe juu yake. Halafu kuna kaskazi: upepo unatoka huko mkondo unakoelekea, vinagongana uso kwa uso, na mawimbi hufupika na kusimama wima hata upepo ukiwa wa wastani. Mawimbi ya aina hiyo ndiyo yanayomwagika juu ya sitaha, na ndiyo sababu kubwa ya vipimo vitakavyofuata.

Mtu wa kawaida akipiga kafi na mzigo ndani hutembea noti 3 hivi, yaani kilomita 5 na nusu kwa saa. Upepo wa noti 15 usoni hula sehemu kubwa ya mwendo huo. Kuanzia Mei hadi Septemba kusi huvuma hivyo siku nyingi, wakati mwingine zaidi. Nafasi nzuri ya kayaki ni maleleji, kabla na baada ya kusi, pamoja na asubuhi tulivu za kaskazi ambapo umande, yaani upepo wa alfajiri utokao nchi kavu, hukupeleka nje na upepo wa baharini wa mchana hukurudisha. Utabiri wa bahari wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, usomwe jioni ya kuamkia safari, na usomwe tena alfajiri.

Anza na mzigo, si na mchoro

Watu wengi huanza kwa kupenda umbo. Huchagua mchoro mrefu, mwembamba, wenye omo (sehemu ya mbele) iliyochongoka, kisha wanatafuta pa kuweka barafu. Ukianza na mzigo, umbo litajileta lenyewe.

Hesabu ya mtu mmoja ni hii: mvuvi kilo 80, chombo 38, kasha na barafu 13, samaki 15, maji ya kunywa 5, mishipi, nanga na vikorokoro 9. Jumla kilo 160. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1.025 hivi, kwa hiyo chombo lazima kisukume lita 156 ili kielee. Kwa umbo tunalolizungumzia, lenye urefu wa mita 4.4 na upana wa sentimita 66 kwenye usawa wa maji, kitazama sentimita 11. Sakafu unapokalia iwe sentimita 16 kutoka chini kabisa ya chombo. Zinabaki sentimita 5 juu ya maji, na hizo ndizo zinazofanya maji ya wimbi yatoke yenyewe kupitia matundu badala ya kuingia.

Kuna kanuni rahisi ya kukumbuka: kwa ukubwa huu, kila kilo 20 hushusha chombo sentimita moja. Mvuvi wa kilo 100 ameshakula sentimita moja. Plaiwudi nzito inakula zaidi ya nusu sentimita nyingine. Akibahatika nguru wawili wakubwa, sakafu inakaribia maji na matundu yanaanza kupandisha. Mwenye mwili mkubwa asiinue sakafu, apanue chombo. Sentimita 4 za upana zinatosha.

Kwa nini asiinue sakafu? Kwa sababu mwili wa mvuvi ni nusu ya uzito wote. Kwa vipimo hivi, kuinua kiti sentimita 10 kunapunguza karibu nusu ya utulivu wa mwanzo, ule unaouhisi unapogeuka kuchukua chambo nyuma. Viti vya juu vya kukunja vinavyoonekana kwenye picha za kayaki za Marekani vimewekwa kwenye vyombo vya upana wa sentimita 85 na zaidi. Hapa kiti kisizidi sentimita 5 juu ya sakafu: kipande cha godoro gumu lenye vitundu visivyonyonya maji, na mgongo wa turubai.

Ujazo wote chini ya sitaha uwe kama lita 340, umegawanywa kwa viambaza viwili visivyopitisha maji: chumba cha omo, cha katikati chini ya mvuvi, na cha tezi, yaani nyuma. Chumba kimoja kikijaa, viwili vinavyobaki vina lita 225 hivi, na chombo kitaelea ingawa kitakaa kwa kuinama. Bila viambaza, ufa mmoja kwenye mwamba unatosha kukuacha ukiogelea. Wanaoacha viambaza husema wanaokoa kilo mbili.

Kabla ya kukata plaiwudi, tengeneza kielelezo cha karatasi ngumu kwa kipimo cha moja kwa kumi, chenye urefu wa sentimita 47. Kata vipande vyote, vishike kwa gundi ya karatasi. Kama kingo hazikutani kwenye karatasi, hazitakutana kwenye mbao. Umbo la chini liwe na mteremko kidogo kama herufi V, ubavu ufunguke nje kwa nyuzi 10 hadi 15, na omo iwe juu kuliko katikati. Umbo la duara la vipande vyembamba vingi ni zuri kutazama, lakini lina kazi mara tatu na halikamati samaki zaidi.

Plaiwudi: hapa ndipo fedha hupotea

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi Ngamiani ukaomba marine board, utapewa ubao wenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayong'aa. Huo ni wa kumwagia zege. Gundi yake huvumilia maji, lakini ngozi ile haishikani na epoksi, na unene wa milimita 18 ni wa nguzo za ghorofa. Achana nao.

Plaiwudi halisi ya vyombo vya majini, yenye alama ya BS 1088, haina mapengo ndani na gundi yake haifunguki kwa maji ya moto. Mti unaopendelewa ni okoume, ambao ni mwepesi. Mara nyingi huagizwa Dar es Salaam na bei yake inauma. Mbadala ni plaiwudi nzuri ya paini au mkaratusi kutoka viwanda vya nyanda za juu kusini, milimita 6, iliyogandishwa kwa gundi ya kustahimili maji. Tofauti ya uzito ni kilo 12 hivi kwa chombo kizima. Maoni yetu: kama bajeti hairuhusu okoume yote, nunua okoume kwa sitaha na viambaza, na ubao wa ndani wa nchi kwa sehemu ya chini, ambako unene wa milimita 6 una kazi yake dhidi ya mawe. Uzito ulio chini haudhuru utulivu.

Usiamini mhuri peke yake. Omba kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe saa moja, kianike kikauke kabisa, rudia mara tatu. Tabaka zikiachana, plaiwudi hiyo ni ya makabati. Kisha kata ukingo uangalie ndani: pengo la tabaka la katikati likiwa na upana wa kidole, mahali hapo ubao utavunjika ukipindwa. Karatasi nne za futi nne kwa nane zinatosha chombo kimoja pamoja na mabaki ya viambaza.

Karatasi moja ina mita 2.44, kwa hiyo mbili huunganishwa kwa kuchongwa mshazari, urefu wa mshazari ukiwa mara nane ya unene: milimita 32 kwa ubao wa 4, milimita 48 kwa ubao wa 6. Panga karatasi zote kama ngazi, kila moja ikirudi nyuma kiasi hicho, upige randa zote kwa pamoja. Mistari ya gundi ya tabaka itakuonyesha kama unakwenda sawa, kwa sababu iliyonyooka ni dalili ya randa iliyonyooka. Ukishaunganisha unapata mita 4.84. Ubavu ukijikunja kufuata umbo, na omo ikilala kidogo, chombo hutoka mita 4.7. Ndiyo maana urefu huo ukachaguliwa: ukitaka mita 5 utalipia karatasi ya tatu kwa ajili ya kipande kifupi.

Kwa kingo za sitaha na vipande vya kushikia, mitiki ya Longuza, Muheza, ni jaribu kubwa kwa sababu masalio yake hayako mbali. Ni mbao nzuri, ila ina mafuta yanayozuia gundi. Piga msasa, futa kwa asetoni, na gandisha ndani ya dakika chache kabla mafuta hayajarudi juu. Mvule hauna usumbufu huo mwingi lakini ni mzito. Paini kavu isiyo na mafundo, iliyopakwa epoksi pande zote, inatosha kabisa na hakuna atakayeiona chini ya rangi.

Epoksi si rezini ya faiba

Mafundi wengi wa faiba tulionao wamezoea rezini ya poliesta, ile yenye harufu kali, inayowekwa matone ya kichocheo. Kwa boti nzima ya faiba inafaa. Juu ya plaiwudi haishiki vizuri: husinyaa ikikauka, hupitisha unyevu, na baada ya misimu michache ngozi ya faiba hubanduka ikiwa na mbao zilizooza nyuma yake. Bei ya chini ya poliesta ndiyo inayowavuta watu. Kayaki ya plaiwudi iliyofunikwa kwa poliesta hatuipendekezi kwa bei yoyote.

Kosa la pili linatokana na mazoea hayohayo. Kwenye poliesta ukitaka ikauke haraka unaongeza kichocheo. Kwenye epoksi, hadina (kigumishi kinachochanganywa na rezini) si kichocheo, ni sehemu ya dawa yenyewe, na kila chembe yake ina mwenzake kwenye rezini. Ukizidisha, inayobaki haina pa kwenda, na kazi hubaki laini kama mpira milele. Fuata uwiano ulioandikwa kwenye kopo, mbili kwa moja au tano kwa moja au vyovyote ilivyo, na uangalie kama ni kwa ujazo au kwa uzito, maana havilingani. Ukitaka kubadili mwendo, badili aina ya hadina. Kwa joto la Tanga nunua ya polepole, hata muuzaji akikwambia ya kawaida inatosha.

Kila joto linapopanda nyuzi 10, muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu. Epoksi iliyoachwa imejaa kwenye kikopo kirefu hujipasha yenyewe, huanza kutoa moshi na kuganda mkononi. Koroga kidogo kidogo, gramu 150 hadi 200, kisha mimina mara moja kwenye sinia pana.

Kiasi cha chombo kizima ni lita 10 hivi, rezini na hadina pamoja. Nunua 12. Kitambaa cha faiba kiwe cha kufumwa, gramu 200 kwa mita ya mraba, eneo la mita 9 na nusu: nje ya mwili, sitaha, na sakafu ya ndani. Ongeza utepe wa upana wa sentimita 7 hadi 8 kwa maungio ya ndani. Usikubali mati ya nyuzi zilizokatwa. Gundi inayoshika nyuzi za mati ya kawaida huyeyushwa na poliesta, epoksi haiiyeyushi, na mati itabaki ngumu, nyeupe, imejaa hewa.

Kushona na kugandisha

Kata vipande vya kushoto na kulia vikiwa vimepangwa pamoja, milimita 2 nje ya mstari, kisha randa vyote viwili kwa mpigo mmoja ili vilingane. Toboa matundu ya milimita 1.5, kila sentimita 10 hadi 15, umbali wa milimita 8 kutoka ukingoni. Waya wa shaba unaotolewa kwenye nyaya za umeme za nyumba unafaa. Sokota kwa kulegea kwanza, chombo chote kiwe kimesimama, ndipo ukaze.

Hatua inayofuata ndiyo huamua kama kayaki itakwenda moja kwa moja au itavuta upande maisha yake yote. Weka viambaza mahali pake, nyoosha kamba kutoka omo hadi tezi, na laza fito tatu zilizonyooka juu ya kingo: mbele, katikati, nyuma. Chungulia kutoka nyuma. Fito zote zikionekana kama mstari mmoja, hakuna msokoto. Zikipishana, tia vigingi chini ya upande ulioshuka mpaka zilingane. Fanya hivi leo na urudie kesho asubuhi, kwa sababu plaiwudi hupumua usiku. Ukishagandisha, msokoto hautoki.

Maungio ya ndani hujazwa kwa epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, uzito wa siagi ya karanga, ikasawazishwa kwa kijiko cha duara hadi upana wa sentimita 2. Juu yake utepe wa faiba kabla haijakauka kabisa. Epoksi nyingi zaidi haileti nguvu zaidi, inaleta uzito.

Nje, toa waya, zungusha kingo kwa randa na msasa, kisha tandika kitambaa. Anza kazi hii alasiri, wakati joto linashuka. Ukipaka asubuhi, mbao zinapopata joto hewa iliyo ndani yake hutanuka na kupenya kwenye epoksi mbichi, na utaamka na vipele vya hewa mwili mzima. Chini ya turubai la bluu juani hali ni mbaya zaidi kuliko chini ya mwembe.

Unyevu wetu huleta utando wa mafuta mafuta juu ya epoksi iliyokauka. Usiupige msasa kwanza, maana utausukuma ndani ya mikwaruzo na tabaka linalofuata litabanduka. Osha kwa maji safi na brashi ngumu ya jikoni, kausha, ndipo upige msasa namba 120. Baadhi ya rangi za mafuta hazikauki juu ya epoksi changa, kwa hiyo subiri wiki na ujaribu kipande kidogo kwanza. Rangi iwe nyeupe au ya maziwa. Nyeusi, bluu nzito na nyekundu hupata joto kali juani kiasi cha kulainisha epoksi iliyokauka bila kupashwa, na epoksi isiyopakwa rangi yoyote huliwa na jua mpaka inageuka unga.

Matundu, vifuniko na usukani

Chombo hiki hakiozi mwilini, huozea kwenye matundu. Kila skrubu, kila bolti, kila tundu la maji ni mlango wa unyevu kuingia kwenye moyo wa plaiwudi. Toboa kubwa kuliko unavyohitaji, jaza epoksi nzito, iache ikauke, kisha toboa ukubwa halisi ndani yake. Ni kazi ya kuchosha na ndiyo inayorukwa na mafundi wanaolipwa kwa siku. Simama hapo uione ikifanyika.

Matundu manne ya kutolea maji kwenye sakafu yanahitaji bomba kutoka sitahani hadi chini. Bomba la PVC halishikani na epoksi kwa uhakika. Zungushia PVC ya milimita 32 nailoni, vingirisha juu yake tabaka tatu za kitambaa chenye epoksi, ikikauka chomoa PVC ubaki na bomba la faiba. Hilo litashikana na chombo moja kwa moja.

Vifuniko vya kuzungusha vya sentimita 20 vinatosha. Vikubwa vya mstatili huvuja. Kiambaza kisicho na pa kupumulia ni tatizo jingine: chumba kilichofungwa kikiachwa juani hewa hutanuka na kuinua sitaha mpaka maungio yanafunguka. Toboa tundu la milimita 2 juu kabisa ya kiambaza, na uwe na desturi ya kulegeza vifuniko vyote ukifika nchi kavu.

Usukani si pambo. Upepo wa ubavuni hugeuza omo kuelekea upepo, na bila usukani utapiga kafi upande mmoja kwa saa nzima. Bamba la alumini la milimita 4 linatosha, likining'inia kwenye bolti ya chuma kisichoshika kutu. Tenganisha metali hizo mbili kwa washa ya plastiki, maana zikigusana ndani ya maji ya chumvi alumini ndiyo inayoliwa. Kafi ya ncha mbili iwe na sentimita 240 kwa upana huu, na ifungwe kwa kamba.

Nanga isifungwe ubavuni, hata kwa dakika tano. Mkondo ukivuta kamba iliyo ubavuni, ukingo hushuka na chombo hupinduka kabla hujafungua fundo. Kamba ipite kwenye pete iliyo omo au tezi, iwe na boya, ili uweze kuiachia yote na kuirudia baadaye. Kwenye kina cha mita 30 utahitaji kamba ya mita 90, na nanga ikinasa kwenye matumbawe unaharibu mwamba na kupoteza nanga. Kwa kurambaza nguru na kolekole, yaani kuvuta mshipi chombo kikitembea, huihitaji kabisa, na kwa mshipi wa chini mwavuli wa maji, gunia la turubai lenye mdomo wa sentimita 60 linalofungwa omo, hupunguza mwendo wa kusukumwa vizuri. Vishikio vya mishipi ni bomba la PVC la inchi moja na nusu, sentimita 30, nyuma ya kiti mahali ambapo kiwiko hakigongi.

Jaribio kabla ya kupaka rangi

Peleka chombo kwenye maji ya kiuno, penye utulivu, kabla ya rangi ya mwisho. Jaza madumu nane ya lita 20, hayo ni kilo 160. Toa mawili kwa ajili ya uzito wa chombo chenyewe na yapange sita: manne kwenye kiti, moja mbele, moja nyuma. Pima sakafu iko juu ya maji kiasi gani. Ikiwa chini ya sentimita 3, usizibe matundu ukajidanganya, punguza mzigo uliokusudia. Kisha ongeza madumu mawili uone kinavyofanya kikizidiwa.

Baada ya hapo toa madumu, vaa boya la kujiokolea, pindua chombo kwa makusudi na upande tena kutokea ubavuni mahali ambapo miguu haifiki chini. Asiyeweza kupanda mara tatu mfululizo ghubani hataweza mara moja nje ya Yambe. Mwisho fungua kifuniko cha tezi, jaza chumba hicho maji, na ujaribu kurudi ufukweni hivyohivyo. Madumu matupu ya lita 5 yakisukumwa ndani ya vyumba vya mwisho ni bima ya bei ndogo.

Nani aunde

Fundi wa mashua anajua bahari kuliko wote, lakini misumari, mataruma na kalafati ni ustadi wa mbao nene, na atakuwekea uzito usioutaka. Fundi wa faiba atakusukuma kwenye poliesta. Anayefaa zaidi ni seremala wa makabati mwenye msumeno mkali na subira ya milimita, akiwa na mtu wa baharini pembeni wa kumkatalia mapambo. Mlipe kwa hatua: kushona, kugandisha ndani, kutandika faiba, matundu. Anayelipwa kwa siku atavuta, na anayelipwa kwa jumla ataruka kuosha ule utando.

Kabla ya kununua karatasi ya kwanza ya plaiwudi, mwone afisa uvuvi wa halmashauri na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) wa mwalo unaokusudia kutokea. Chombo cha uvuvi husajiliwa na kupewa leseni, na mvuvi naye ana leseni yake, chini ya Sheria ya Uvuvi ya 2003. Sehemu kubwa ya maji haya iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga iliyoanzishwa 2009, kwa hiyo uliza maeneo yanayoruhusiwa mshipi na yasiyoruhusiwa, na jiepushe na njia ya meli za bandari pamoja na upande wa Chongoleani kwenye gati la mafuta. Acha sehemu tambarare isiyopungua sentimita 40 kwenye ubavu wa omo kwa ajili ya namba ya usajili, maana kibandiko juu ya mkunjo hakidumu wiki mbili kwenye maji ya chumvi.